Sahani Moja na Wardah

Mlionitumia salamu na ushauri wiki hii, ahsanteni. Bwana mmoja wa Changamwe ameniandikia ati niache kutangaza mambo ya ndani gazetini, mwanamke ni sitara. Ni sawa, babangu. Wewe sitirika. Mimi sitara yangu imeshapasuka, na nilichobaki nacho ni kusimulia jinsi ilivyopasuka.

Kwa aliyenikosa Jumamosi iliyopita: jina langu Barke, naishi Kisauni, na mume wangu ni Mahir, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mahir ameshanipa talaka mbili. Ya kwanza binti yetu Swabra hajaanza kutambaa, ya pili mwaka juzi. Zote alinirejea eda haijaisha. Imebaki moja, na hiyo ikitoka hakuna kurejeana, mpaka niolewe na mwanamume mwingine na huyo aniache kwa hiari yake. Mambo hayo mwayajua.

Ile ya pili ilipotoka, mamake Mahir, Bi Mwanatime, alimwita mwanawe akamwambia mbele yangu: "Ulimi wako ukitamka ya tatu, radhi zangu huna, na jeneza langu usiliguse." Mahir anamwogopa mamake kuliko anavyoogopa polisi. Nikajiona niko salama.

Salama gani! Mwezi uliopita dada yangu Wardah alimkuta Mahir kule Kiembeni, amekaa barazani kwa mwanamke, kavaa kikoi. Jamani, mwanamume haendi kuuza saruji na kikoi. Wardah akaniletea habari, nami nikamuuliza mume wangu. Swali langu hakulijibu. Alininyoshea kidole akasema:

"Siku utakayotia mkono sahani moja na Wardah ukala, ile ya tatu imeanguka. Mimi sitatamka neno. Utakuwa umejiacha mwenyewe."

Talaka ya kutundika. Nilikwenda kwa Maalim Khatibu nikamweleza kwa siri, naye akashika ndevu. "Ukisahau, au ukilazimishwa, hapo pana maneno, mwanangu," alisema. "Lakini ukitia mkono kwa kujua, imeanguka, hata yeye asiposema tena."

Hapo ndipo nilipowaacha. Sasa nisikilizeni.

Swabra alikuwa anatimiza miaka ishirini na miwili. Kwetu zamani siku ya kuzaliwa ilikuwa siku ya mamako kuumwa, haikuwa na keki. Lakini hawa wa leo lazima washerehekee.

"Mamangu, mwaka huu sitaki pilau ya nyumbani," akanambia. "Nataka tukale kwa Wataliano, kule Bamburi."

"Wataliano si ndio wala nguruwe hao?"

"Wao wala, lakini sisi hatukulazimishwa. Nishauliza. Tutakula ya samaki na ya mboga."

"Haya. Na nani na nani?"

"Sisi watatu, na mama mkubwa Wardah."

Nikajifanya nachambua mchele.

"Mama mkubwa yuko mbali, Likoni, Shika Adabu yote hiyo. Avuke kivuko, akae foleni, kwa ajili ya tambi?"

"Nishamwambia, na amekubali. Mama, mna nini nyinyi wawili? Mwezi mzima huendi kwake. Akija hapa, kikiletwa chakula, wewe umefunga. Mbona saumu zako haziishi?"

Swabra alikuwa hajui habari ya kutundikiwa, na Wardah pia hajui. Ningeanzia wapi kumwambia mwanangu kwamba babake amenifungia ndoa kwenye sahani? Na Wardah namjua. Angevuka maji siku hiyo hiyo aje kumpigia Mahir kelele pale dukani mbele ya wateja, na hapo Mahir angeropoka talaka bila ya kungoja sahani. Nikaiweka aibu moyoni, na aibu ikanila.

Basi nikafikiri sana. Nikakumbuka jinsi Wazungu wanavyokula: kila mtu na sahani yake, uma wake, kisu chake, hata chumvi huombana kwa adabu. Nani atatia mkono sahani ya nani? Cha kuogopwa ni sinia, na sinia ni letu sisi. Kwa Mtaliano nitaketi na dada yangu, nile, ninywe, nicheke naye, na talaka yangu ibaki palepale ilipotundikwa. Nikajiona nina akili wallahi.

Nikaenda kumuomba Mahir ruhusa. Nilitarajia matusi. Akaniangalia, akatabasamu.

"Nendeni," alisema. "Tena nami nakuja. Habari ya chakula niachieni mimi, nitapita kuagiza."

"Wardah naye atakuwepo," nikasema, ili asije kusema nilimficha.

"Aje. Si mama mkubwa wa mtoto?"

Nilirudi jikoni nikalia kwa furaha. Nampenda Mahir. Nichekeni, lakini ndiyo kweli yenyewe, nampenda mpaka na ile sauti yake ya kukohoa asubuhi. Nilidhani hasira zimempoa, na pengine huko Kiembeni ameshachoka. Nilipiga pasi buibui langu jipya, nikajifukiza udi kama biharusi.

Tulifika baada ya magharibi. Mahali pazuri, sikatai, meza zina vitambaa vyeupe na mishumaa juu, utasema umeme umekatika. Mhudumu alikuwa kijana mkubwa wa Kigiriama, jina lake Kahindi, mwenye heshima zake.

"Shikamooni, mama. Karibuni. Mzee, meza yenu ile pale."

Wardah alikuwa ameshafika. Aliponiona akasimama, akanikumbatia, akanibusu mkono.

"Barke mdogo wangu, nimekukosea nini? Mwezi mzima!"

"Hujanikosea, dada. Ni shughuli tu."

Nilitaka kuketi upande wa Swabra. Mahir akanivutia kiti kingine, kando ya Wardah.

"Ndugu wakae pamoja," akasema.

Hata hilo nililiona ni wema.

Chakula kikaja, kila mtu na sahani yake, kama nilivyopiga hesabu zangu. Tambi zina mchuzi wa nyanya na kamba juu. Wardah akaonja, akakunja uso.

"Tambi hazina sukari, hazina iliki, halafu juu zimemwagiwa kamba! Hawa watu wamefiwa?"

Swabra akacheka mpaka akajifuta machozi. Nami nikacheka. Mwezi mzima sikuwa nimecheka na dada yangu. Nilikula kwa uma, mkono wa kushoto nimeukunja mapajani kama mtoto wa shule, nikawa nakwepa hata mkate uliowekwa katikati. Nikasema moyoni, inshallah tunamaliza, tunakwenda zetu.

Kahindi akaondoa vyombo. Akarudi amebeba ubao wa duara kwa mikono miwili, mpana kama sinia la harusini. Juu yake piza moja nzima inatoa moshi, ina jibini, nyanya na samaki. Akautua katikati yangu na Wardah.

"Kula huku ni kwa mkono," Mahir akasema. "Hata Wataliano wenyewe hula kwa mkono. Kuleni, leo ni siku ya Swabra."

Swabra akamega. Wardah akamega. Mahir akafuta vidole kwa kitambaa, wala hakugusa.

Na macho yake yalikuwa juu ya mkono wangu.

"Mama?" Swabra akasema.

"Nimeshiba, mwanangu."

"Kipande kimoja tu."

"Tumbo limejaa hewa."

Wardah akakiweka chini kipande chake, akanigeukia. Sauti ilikuwa ya chini, na ndiyo iliyoniumiza zaidi.

"Barke, nambia. Wanikinai?"

"La, dada! Mungu apishe mbali."

"Basi ni nini? Tumelala kitanda kimoja, tumekula sinia moja la marehemu mama mpaka ukaolewa. Leo mkono wangu una nini?"

Nikainama upande wa Mahir. Nikamnong'oneza, "Mahir, umeyasahau maneno yako?"

"Sijayasahau."

"Basi mbona wanifanyia haya?"

"Nani amekushika mkono?" akasema, akanywa maji.

Nikainuka, nikasema nakwenda msalani. Pale karibu na jikoni nikamkuta Kahindi anapanga glasi.

"Mwanangu, ile piza aliiagiza nani?"

"Mzee, mama. Alipita jana mwenyewe. Alisema iletwe mwisho, nzima, iwekwe baina yako na yule mama mwingine. Nikamwambia tukiona wageni wengi huwa twamgawia kila mtu kwenye sahani yake. Akasema la, nyinyi kwenu mwala pamoja." Akacheka kidogo. "Anawapenda sana, yule mzee."

"Sana," nikasema.

Nilijifungia chooni nikakaa. Yote yakanijia sasa. Mahir hawezi kunipa ya tatu kwa ulimi wake, anaogopa radhi za mamake. Kwa hiyo lazima nijiache mwenyewe, kwa mkono wangu mwenyewe, halafu aende kwa Bi Mwanatime amwambie: Mama, mimi sikutamka, Barke ndiye aliyeshindwa kukaa mbali na chakula cha nduguye. Na njia ya Kiembeni iwe nyeupe. Mwanangu amezaliwa siku hii, na babake ameigeuza siku ya kunitega kama panya.

Nikanawa uso. Nikajiapiza: sili. Afe mtu, sili.

Nilirudi mezani nikakuta Swabra ameinua simu, na kwenye kioo cha simu yumo Bi Mwanatime, kanga kichwani, miwani puani.

"Huyu hapa bibi, amekuja," Swabra akasema.

"Barke!"

"Abee, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mtoto anambia wewe na nduguyo hamli pamoja. Ni ya kweli haya?"

Nikamtazama Mahir. Kwa mara ya kwanza usiku ule nilimwona amebadilika rangi. Simu haikuwamo katika mipango yake.

"Mama, ni tumbo tu..."

"Tumbo, tumbo! Mimi nimezaa sita, tumbo nalijua. Ndugu hawasusiani chakula. Tia mkono ule na nduguyo, nikuone kwa macho yangu haya, nilale na furaha."

Wardah akausogeza ubao kwangu. Swabra akaielekeza simu vizuri.

Niseme nini? Mkwe wangu huyu hajanivunjia heshima hata siku moja. Kumkatalia siwezi, na kula siwezi. Na pale pale, pengine ni shetani, pengine ni uchungu, mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Nitakula, mama. Lakini kwanza muulize mwanao: nikila, nitakuwa nani kwako?"

Kahindi aliyekuwa anakuja akarudi nyuma.

"Mahir, mkeo anasema nini?"

"Sijui, mama. Labda amechoka."

"Barke, sema wewe."

Nikasema. Kidole alichoninyoshea, sahani moja, ile ya tatu, yote. Sikulia. Wardah aliacha kutafuna, mkono ukabaki hewani.

Bi Mwanatime alivua miwani.

"Mahir. Uliyatamka maneno hayo?"

"Sikuyatamka, mama."

"Wallahi?"

Mahir akaisogeza glasi kando.

"Wallahi."

Mwanamume aliyeniswalisha ndani ya nyumba miaka yote hiyo, nimesimama nyuma yake, akaapa uongo huku ananitazama machoni. Wasomaji wangu, hapo ningenyamaza! Ningesema, haya, basi nimekosea mimi, nikachukua mkoba wangu. Ningerudi kwangu mke wa mtu, talaka imetundikwa lakini haijaanguka. Hasira hasara, walisema wazee. Damu ilinipanda kichwani nikajiona nimemshika. Akinizuia kula, amekiri mbele ya mamake. Asiponizuia... sikufikiri habari ya asiponizuia.

"Kumbe hukusema?" nikamwambia. "Basi nikila hakuna neno."

"Hakuna," akasema.

"Nile na Wardah? Sahani moja hii?"

"Barke, acha," Wardah akanishika kiwiko. Yeye aliniamini palepale. "Acha, mdogo wangu, nakusihi. Usile."

Nikajitoa mkononi mwake. Nikamega. Niliupeleka mkono mdomoni polepole, na nawaambia sababu yake: nilikuwa nampa Mahir nafasi anizuie. Hata hapo, na uongo wake wote, nilitaka anishike mkono. Aseme, Barke, la, basi, nilisema, nisamehe. Ningemsamehe, Mungu ananijua.

Mahir alinitazama. Kisha rangi ikamrudia usoni, taratibu, kama mtu aliyekumbuka ameweka wapi ufunguo.

"Kula, mke wangu," akasema kwa upole.

Nikala.

Ilikuwa imepoa, jibini imeganda. Ilinichukua muda kuimeza.

"Ewaa!" Bi Mwanatime akasema kwenye simu, akavaa miwani yake. "Alhamdulillahi. Mmenitisha bure. Barke, mwanangu, hizo ni fikra za wivu tu, usizisikilize. Mumeo ameapa, na kiapo ni kizito. Kaeni vyema. Swabra, Mungu akukuze."

Simu ikakatika.

Baada ya hapo walileta keki, watu wa meza nyingine wakapiga makofi, na Swabra akakata bila kunitazama. Siwezi kuwaambia keki ilikuwa na ladha gani. Nilikuwa nimeketi kando ya mwanamume asiye mume wangu, nami nimejifunika buibui mpaka usoni. Watu walidhani ni haya.

Nje, penye magari, Wardah akanivuta kando analia.

"Kwa nini hukunambia? Ningekufa na njaa kuliko kukaa meza ile. Twende, Barke. Twende kwangu Likoni. Huwezi kulala na mtu yule leo, ni haramu kwako."

"Nitawaambia nini watu?"

"Uwaambie kweli!"

"Kweli ipi, dada? Ameapa."

Mahir akaja. Aliniwekea mkono begani, mbele ya Swabra, mbele ya Kahindi aliyesimama mlangoni anatuaga. Aliinama kama mtu anayembembeleza mkewe, mdomo wake ukagusa sikio langu.

"Imeanguka, Barke," akanong'ona. "Wewe wajua, mimi najua, na Mola anajua. Nilitaka uondoke kwa kula, sasa utaondoka kwa miguu yako. Wala mama hatanilaumu. Na ukitaka kukaa, kaa. Dhambi tutagawana."

Nilidhani nimemtega, kumbe nimempa njia iliyo bora kuliko ile aliyokuja nayo. Nikipanda gari lile, nitaishi na mwanamume wa kando chini ya paa moja mpaka mmoja wetu afe, na watu watanipa heri. Nikienda na Wardah, mimi ni mke aliyemtoroka mume mwema kwa sababu ya wivu. Hakuna kadhi atakayeniandikia talaka ambayo mume amekula yamini kwamba hakuitoa. Sijaachwa na sina mume.

Mahir akajiinua, akafungua mlango wa mbele wa gari.

"Panda, mke wangu," akasema kwa sauti ya kusikika. "Twende nyumbani."

Wardah alikuwa amelikamata buibui langu upande mmoja. Upande wa pili akaja Swabra, macho mekundu, zawadi zake kifuani. Nilidhani anakuja kunikumbatia.

"Mama, panda," akasema. "Baba ameapa, na bibi amesikia. Umeshaniharibia siku yangu mbele ya watu, sasa wataka nini tena? Nimwambie bibi kwamba wewe ndiye uliyetukimbia?"